Maji Yakipwa, Njoo Pwani: Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita nilitaja, kwa mistari michache tu, kwamba nimerudi kuishi Jambiani, kijiji nilichozaliwa, kusini mashariki mwa Unguja, baada ya miaka mingi ya kusomesha mjini. Barua zilizofuata zimenipa kazi ya wiki mbili. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: huko kwenye mchanga na minazi, watu mnapitishaje siku? Nimechagua saba. Wengine nitawajibu toleo lijalo, inshallah.

"Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tumejibana tukapata nauli ya kuja pwani na watoto wawili kwa siku sita. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema Jambiani hakuna kitu, nitajuta siku ya pili. Hakuna sinema, hakuna maduka makubwa, na bahari yenyewe eti inaondoka. Kweli tutafanya nini siku sita?" (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Hao waliokwambia hakuna kitu walifika maji yamepwa, wakaona mchanga na majani ya bahari mpaka upeo wa macho, wakarudi ndani kungoja bahari irudi. Siku ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, wao wakaifungia mlango.

Kabla hujakata tiketi ya boti, tazama mwezi. Huku mtu akitaka kwenda pwani haulizi tarehe, anauliza "leo mwezi ngapi?", yaani siku ya ngapi tangu uandame. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua. Maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hufika karibu mita 4, na pwani yetu ni tambarare, basi bahari huenda zake zaidi ya kilomita moja, mpaka karibu na mwamba ambako mawimbi ya bahari kuu yanakatika. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukihesabu wiki moja utakuta mambo yamegeuka: yanajaa saa 4 asubuhi, yanapwa saa 10 jioni, lakini hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo tunayaita maji mafu.

Nakueleza haya yote kwa sababu siku ya kijijini imejengwa juu yake. Mpishi anajua lini atapata samaki, mama anajua lini atakuwa shambani kwake baharini, mtoto anajua lini uwanja wa mpira utakuwa mkavu. Mgeni asiyejua anahangaika na saa ya mkononi, anaamka mapema kuogelea anakuta tope.

Njooni siku za bamvua. Asubuhi, chai ikishanyweka, mnashuka pwani mnamo saa 3, watoto wavae viatu vya mpira, maana kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe. Msiende peke yenu siku ya kwanza. Muombeni mtu wa kijiji, mumpe haki yake. Mtatembea juu ya mchanga wenye mikunjo kama ubao wa kufulia. Mtapita vidimbwi ambavyo maji yake yamekwisha kupata moto wa jua, ndani yake samaki wadogo kama sindano na kiti cha pwani mwekundu mwenye vifundo. Mwanao atauliza maswali mia. Mbele zaidi mtawakuta wanawake na vijiti vyao wanatafuta pweza, kila mmoja anatazama chini kimya kimya. Anachotafuta hasa ni mlango wa nyumba ya pweza: shimo dogo na vigae vya chaza vimetupwa nje kama takataka za jikoni.

Yule mtu wenu akisema "maji yamegeuka", rudini hapo hapo. Maji huku hayaji kwa mbele tu. Huanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu, na aliyezubaa anajikuta amesimama kwenye kisiwa cha mchanga.

Adhuhuri kijiji kinanyamaza. Watu wanasali, wanakula, wanajinyoosha. Wazee wetu wanaita usingizi huo kailula, nami nakusihi uulale, usiuone uvivu. Mkiamka bahari imekuja mpaka kwenye mizizi ya minazi, rangi yake kijani ya kioo, na watoto wa kijiji wamo ndani wanarukaruka. Hapo ndipo pa kuogelea. Ngalawa zinaingia na matanga yao ya viraka, mnakwenda kutazama kilichopatikana, changu, tasi, pono, mnachagua cha usiku.

Siku moja katika hizo sita iacheni bahari, mwende Pango la Kuumbi, upande wa ndani wa kijiji. Wataalamu waliochimba humo wamekuta dalili za watu wa miaka kama 20,000 iliyopita, wakati Unguja haijawa kisiwa, imeungana na bara. Wanakijiji wengine wanaliheshimu kama mahali pa kuombea, kwa hiyo ingieni kwa adabu na mwenyeji.

Kutoka mjini mtapanda daladala namba 309. Ni kilomita 50 na kitu. Kaeni upande wa kushoto mkipita Msitu wa Jozani au wa kulia, kima punju mtawaona popote. Wako Zanzibar tu duniani kote.

"Bibi, mimi ni kijana wa Dar es Salaam. Nilikuja huko likizo, nikapita kwenye baraza wazee wanacheza bao. Hawasemi neno, ghafla wanapiga kelele na kucheka, mmoja anaondoka kwa hasira, baada ya dakika mbili anarudi. Nilisimama saa nzima nisielewe chochote, na nikaona haya kuuliza. Nisaidie." (Kijana, Temeke)

Mwanangu, umefurahisha roho yangu. Bao ni mchezo wa baraza ya wanaume, lakini mimi marehemu babu alinifundisha uani, mvua ya masika ikinyesha na yeye hana wa kucheza naye. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikisikia kete zinaanguka kwenye mbao napunguza mwendo.

Ubao una mashimo 32: safu nne, mashimo manane kila safu. Safu mbili zilizo kwako ni zako, mbili za pili ni za mwenzako. Kete ni 64, na huku tunatumia komwe, zile mbegu za kijivu zinazong'aa, ngumu kama mawe. Kila mmoja ana 32, lakini hazishuki zote pamoja. Unaanza na kete 6 kwenye nyumba, ambayo ni lile shimo la mraba, la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako katika safu ya mbele. Mashimo mawili yanayofuata kulia yanapata mbili mbili. Zilizobaki, 22, unazishika.

Sehemu ya kwanza inaitwa namua. Unatia kete moja ubaoni kila zamu, kwenye shimo lako la mbele lenye kete. Kama shimo la mwenzako lililo mkabala lina kete, umekula: unazichukua na kuzitawanya upande wako moja moja kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ikimalizikia kwenye shimo lenye kete na mkabala wake pana kete, unakula tena. Kama huna cha kula, unatakata, yaani unatawanya zako bila kula. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, hapo mnacheza kwa zilizo ubaoni tu. Aliyemalizwa safu ya mbele, au asiye na pa kwenda, ameshindwa. Anayefungwa akiwa bado ana kete za kunamua anakuwa amefungwa mkononi, na huyo ndiye uliyemwona akiondoka kwa hasira. Ni fedheha ambayo itatajwa hadi Ijumaa.

Ule ukimya uliouona ni hesabu. Mchezaji hodari anaona kete zitakavyozunguka mpaka mwisho kabla hajagusa ubao, na mwenzake anaona pia, na wale watazamaji watano wanaona. Wanapocheka kwa pamoja ni kwa sababu wote wamefika mwisho wa hesabu kwa wakati mmoja, na mkono wa mchezaji bado uko hewani. Nimeliona jambo hili mara nyingi na halijanichosha.

Usione haya. Siku nyingine toa salamu, kaa pembeni, nunua kahawa na kashata za watu wote waliopo, na tazama mikono badala ya nyuso. Mara ya tatu utaambiwa, "Kaa hapa, kijana."

"Bibi, pweza wangu huwa kama mpira wa gari. Nampika saa mbili nzima. Nakosea wapi?" (Mama Nunuu, Tanga)

Hujampiga. Pweza akitoka baharini anapigwa juu ya jiwe, mara 40, mara 50, mpaka mikono yake ilegee na povu litoke. Kisha anasuguliwa kwenye jiwe na kuoshwa kwa maji ya bahari. Ukimnunua sokoni hujui kama amepigwa, kwa hiyo mpige nyumbani kwa mchi. Mchemshe bila chumvi, kwa maji machache sana kwani atatoa yake mwenyewe, na chumvi utie mwisho. Tui jepesi liingie kwanza, zito baadaye, ndimu ukishaepua.

Na ukipata pweza mdogo kuliko kiganja, muulize muuzaji kwa nini amemtoa. Siku hizi vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba wao, mara nyingi kwa miezi mitatu, mtu asiingie na kijiti chake. Pweza hukua upesi. Siku ya kufungua, kijiji kizima kinashuka, na pweza wanaotoka humo hushikwa kwa mikono miwili.

"Habari Bibi. Mimi na rafiki zangu wawili tunakuja kutoka Nairobi mwezi wa Disemba. Tungependa kujua tuvaeje, na kama tunaweza kupiga picha za wale akina mama wa mwani. Hatutaki kumkosea mtu." (Msichana, Nairobi)

Karibuni wanangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kuja. Nguo za kuogelea ni za majini na mbele ya nyumba ya wageni mliyofikia. Mkiingia kijijini, hata kama ni kununua maji ya kunywa tu, mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja inatosha, na mtaitumia kwa mambo kumi mengine. Mkikuta watu wamekaa barazani, nyinyi mnaopita ndio mnaotoa salamu. Shikamoo kwa wakubwa, kisha mjibu "salama" kwa kila mtakachoulizwa, hata kama mmeumwa njiani. Habari za kuumwa zinafuata baadaye, kwa utaratibu.

Kuhusu mwani nataka mnisikilize kidogo zaidi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na pwani yetu ya mashariki ndiko kulikoanza. Nilikuwa mwalimu kijana. Niliona wanawake ambao hawajawahi kushika fedha yao wenyewe wakinunua mabati, sare za skuli, kitanda cha mbao. Wanaume wengi waliudharau mwani, wakasema ni majani. Wanawake walishindilia vigingi mchangani, wakavuta kamba baina yake, wakafunga vichipukizi kimoja kimoja kwa vijikamba vidogo, taitai. Wiki sita hivi baadaye wanavuna, wanaanika, wanauza.

Jirani yangu yuko kwenye kazi hiyo tangu mwanzo. Ukimtazama vidole vyake, ngozi ya ncha imekuwa laini na nyeupe kwa maji ya chumvi, na kucha za dole gumba zimelika upande mmoja kwa kukaza mafundo. Mgongo haunyooki sawasawa tena. Zamani alilima ule mwani mnene, kotoni, wenye bei nzuri. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto kupita kiasi, kotoni inaoza na kukatika, sasa amebaki na ule mwembamba, spinosamu, ambao bei yake ni ndogo sana kwa mgongo ule. Baadhi ya wenzake wamejifunza kuusaga na kutengeneza sabuni, na hapo faida inaonekana.

Kwa hiyo picha: mtu aliyeinama, maji kiunoni, nguo zimemganda mwilini, msimpige kwa mbali kama mnapiga ndege. Mngojeni atoke, msalimieni, muulizeni. Wengine watakubali na watasimama vizuri, wengine watakataa, na kukataa kwao hakuna hasira. Mkinunua sabuni zake mtakuwa mmefanya zaidi ya picha.

Na mkitaka kujua wanawake hawa wanapumzika lini, kaeni nao alasiri barazani. Mikono haiachi kusuka ukili, utepe wa mkeka unashuka kwenye mapaja na kujikunja sakafuni, na hapo ndipo zinapotoka habari zote, harusi, wagonjwa, nani amerudi kutoka Mombasa na nani kaandika. Mtu anaweza kusuka pima nzima bila kutazama mikono yake hata mara moja. Mtapewa miyaa mjaribu. Msikatae.

"Shikamoo Bibi. Nimefanya biashara miaka 20 hapa Mwanza na sasa nataka mahali pa kupumzikia. Rafiki yangu amenionesha kiwanja karibu na bahari upande huo huo wa kwenu, tujenge nyumba ya kuishi na vyumba vinne vya wageni. Unanishauri nini?" (Mfanyabiashara, Mwanza)

Marahaba. Mambo ya hati na vibali nenda kwenye ofisi zinazohusika na mwanasheria wako, wala usitegemee maneno ya dalali. Mimi nitakueleza yale ambayo hayamo kwenye karatasi.

Miaka michache iliyopita mtu alijenga upande wetu wa kijiji. Simtaji, na sidhani alikusudia ubaya. Alizungusha ukuta wa mawe kutoka barabarani mpaka kwenye mchanga, mzuri, mweupe. Ndani ya ukuta ule ilimo njia. Haikuwa na jina wala alama, ilikuwa upana wa watu wawili tu, imepita katikati ya mikadi, tangu mama yangu msichana. Ndiyo iliyotutoa sisi wa nyumba za nyuma kwenda pwani. Siku ya pili ya ukuta, wanawake walitoka baharini na mafurushi ya mwani mbichi kichwani, maji yanawachuruzika mgongoni, wakafika pale wakasimama. Ilibidi wazunguke. Nilikuwepo. Mmoja, mtu mzima kuliko mimi, aliweka furushi lake chini akaugusa ukuta kwa kiganja, kama anayetafuta mlango gizani. Kisha akajitwisha tena akazunguka, na wanazunguka mpaka leo.

Basi kabla hujachimba msingi, njoo ukae kijijini mwezi mzima, uone bamvua mbili na maji mafu mawili. Nenda kwa sheha, lakini pia kaa na wazee na wanawake. Tazama watu wanapita wapi alfajiri na wapi usiku. Tazama ngalawa zinapandishwa wapi kusi inapovuma kwa nguvu, mwezi wa sita na wa saba, maana mvuvi akinyimwa pahali pake pa kupandisha chombo amenyimwa chombo. Uliza makaburi yako wapi. Mengine ni mawe mawili tu chini ya mkadi. Uliza visima. Maji matamu ya huku yamelala juu ya maji ya chumvi ndani ya mawe, na wageni wengi wakioga mara tatu kwa siku na bustani ikimwagiliwa, kisima cha jirani kinaanza kuonja chumvi. Weka tangi la kuvunia mvua kubwa kuliko unavyodhani unahitaji.

Acha njia. Iache pana, isiwe na geti, isiwe na mlinzi wa kuuliza "unakwenda wapi?". Mtu hapaswi kuulizwa anakwenda wapi akiwa anakwenda pwani ya kwao. Ukifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kuja na sahani ya mkate wa ufuta siku utakayohamia.

"Bibi, Mwaka Kogwa ni lini hasa, na je, mtu wa nje anaruhusiwa?" (Msomaji, Arusha)

Hiyo ni sherehe yetu ya mwaka mpya, nayo huwa mwezi wa Julai, Makunduchi, kijiji cha jirani kusini yetu. Unafuata kalenda ya zamani ya jua, ya Nairuzi, yenye asili ya Uajemi, na sherehe zinachukua siku nne. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa migomba, wanatoa dukuduku la mwaka mzima, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto, na wanawake wamevaa walivyojaaliwa wanaimba waliyonayo moyoni bila kumwogopa mtu. Mgeni haruhusiwi tu, anatakiwa: nyumba isiyo na mgeni siku ile inaonekana haina baraka. Njoo na njaa.

"Asalaam aleikum Bibi. Nakuandikia kutoka Muscat. Mama yangu alizaliwa huko Jambiani na aliondoka akiwa msichana mdogo, miaka ya sitini. Sasa ni mzee, anasahau mengi, lakini kila alasiri anasema anasikia watu wanapiga makumbi. Sisi watoto hatujui ni sauti gani. Ipo bado?" (Mwana wa Jambiani, Muscat)

Waaleikum salaam mwanangu, na umpe mama salamu zangu. Ipo. Imepungua, ila ipo, na nimeisikia juzi.

Makumbi ni yale maganda ya nazi. Hatuyatupi. Tunachimba shimo mchangani pale maji yanapopanda na kushuka, tunayazika, tunayakandamiza kwa mawe ili bahari isiyachukue, tunayaacha miezi. Kila mtu na shimo lake, na hakuna alama ya jina: unalijua kwa mawe yako. Nilifukua langu wiki iliyopita. Harufu yake inakata pumzi, ya kitu kilichooza, na tope lake ni jeusi, linabaki kwenye kucha siku mbili. Unalitoa ganda limelegea kama kitambaa kilicholowa, unaliweka juu ya jiwe, unalipiga kwa gongo. Wakiwa wanawake watatu wanapiga kwa zamu, ko, ko, ko, hakuna anayesema tupige kwa mpango, inakuja yenyewe. Uchafu unatoka na maji, zinabaki nyuzi. Hizo ndizo usumba. Unaziosha baharini, unazianika, zinakuwa rangi ya dhahabu, na jioni unakaa unazisokota kati ya viganja mpaka ziwe kamba. Kamba za vitanda, za kufungia boriti, za vyombo. Kamba za nailoni zimeingia na wengi wameacha, lakini nyumba mbili tatu za upande wetu bado tunapiga, na tunapiga alasiri.

Mama yako anasikia vizuri. Usimwambie hakuna kitu.

Kama afya yake inamruhusu, mleteni. Msije masika, barabara za ndani zinateleza. Njooni kaskazi, kati ya Disemba na Februari, na muhesabu mwezi kama nilivyomweleza yule mama wa Dodoma: mwezi mpevu au mwandamo, maji yapwe saa 4 asubuhi, ili mashimo yawe wazi na mchanga uwe mgumu wa kutosha kumkanyagisha mtu mzima bila kuzama. Nitawaomba wenzangu tubakishe shimo moja tusilifukue. Kama ataweza kusimama atasimama, kama hawezi tutamwekea kigoda chini ya mkadi ulio karibu, jiwe liwe mbele yake. Unieleze tu anatumia mkono gani, nimchagulie gongo linalomfaa.